Njia ya Gari Ndani ya Lupango Iandikwe Kwenye Mkataba

Mheshimiwa Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalovunja ujirani katika malupango mengi ya Lubumbashi, yaani viwanja vyenye makao kadhaa na lango moja, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, na ambalo wenye nyumba wanaendelea kuliita ugomvi wa wapangaji ilhali chanzo chake kimo mikononi mwao wenyewe. Ni suala la njia ya gari inayotoka langoni hadi nyuma ya nyumba, pamoja na nafasi ya kuegesha ambayo mpangaji huahidiwa kwa mdomo siku anapotembezwa kuona nyumba, kisha haionekani siku anapohamia na vyombo vyake. Ombi langu ni kwamba njia hiyo na nafasi hiyo ziandikwe kwenye mkataba wa kupanga, kwa vipimo na kwa kutaja ni nyumba ipi yenye haki ipi, kabla mtu hajatoa hata faranga moja ya garanti, yaani amana ya nyumba.

Anayetaka kuelewa tulivyofika hapa na aangalie jinsi malupango yenyewe yalivyokatwa. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ramani ya barabara zilizonyooka, na katika sehemu za katikati ya mji kila kiwanja kilikusudiwa familia moja: nyumba kubwa mbele, bustani, njia moja ya gari ubavuni, gereji mwisho wa njia, na nyuma kabisa boyeri, yaani vyumba vya watumishi. Leo boyeri imekuwa nyumba ya kupanga, gereji imezibwa kwa matofali ikawa chumba na sebule, na mahali pa bustani pamejengwa aneksi, yaani vijumba vya nyongeza, mbili au tatu. Lango, hata hivyo, limebaki lile lile, na njia ni ile ile nyembamba iliyotengenezwa kwa gari moja la mwenye nyumba mmoja. Katika tarafa za Katuba na Kenya za mji huu viwanja ni vidogo zaidi na magari ni machache, lakini pikipiki, mikokoteni ya maji na meza za biashara zinaleta shida ya namna hiyo hiyo.

Mwenye nyumba akishagawa lupango wake katika makao manne au matano, hutafuta wapangaji kwa njia ya komisionere, yaani dalali wa nyumba, na komisionere hulipwa pale tu nyumba inapopata mtu. Kwa hiyo humwambia kila anayekuja, "Usiwe na wasiwasi, mama, gari italala ndani." Mtu wa kwanza huambiwa hivyo mwezi wa pili, wa pili huambiwa hivyo mwezi wa tano, na wa tatu mwezi wa tisa, na wote watatu huonyeshwa pale pale pembeni mwa ukuta. Hakuna aliyedanganywa kwa maana ya kuonyeshwa mahali pasipokuwapo, kwa sababu mahali pale papo kweli. Kosa ni kwamba pamekodishwa mara tatu, na mwenye nyumba amepokea kodi tatu ambazo kila moja ilipandishwa kidogo kwa sababu ya neno "gari italala ndani".

Vipimo vinaweza kumaliza mabishano mengi, na ninashangaa kwamba hatuvitumii. Gari dogo la kawaida lina upana wa karibu mita 1.7 au 1.8, na ukihesabu milango inayofunguka na mtu anayeshuka na mtoto, linahitaji nafasi ya mita 2.5 kwa mita 5. Njia yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 20 inaweza kupokea magari matatu au manne yakifuatana, na mwenye nyumba akitazama hivyo hujiona ana nafasi nne za kuegesha. Lakini magari yakifuatana katika njia ya mita 3, ni lile lililo karibu na lango peke yake linaloweza kutoka bila kumwamsha mtu. Hayo mengine hayana nafasi ya kuegesha kwa maana halisi ya neno hilo, kwa kuwa kutoka kwake kunategemea usingizi wa jirani.

Katika lupango ninamopanga, tarafa ya Kampemba, tuko familia tano na magari matatu. Mmoja wetu ni dereva wa taksi ambaye hutoka kabla jua halijachomoza. Mwingine anafanya kazi na kampuni inayohudumia migodi, naye hurudi usiku kutoka upande wa Likasi. Wa tatu ni mama mfanyabiashara anayefuata mizigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na siku zake za safari hazifanani. Kwa muda mrefu alfajiri yetu ilianza kwa honi, kisha kwa kugonga dirisha: "Papa, samahani, tusaidie gari." Aliyegongewa alitoka amejifunga kitenge cha mke wake, akawasha injini chini ya dirisha wanakolala watoto wa aneksi, akarudi nyuma hadi barabarani, akasubiri, akaingia tena. Watu wazima wanaoheshimiana walifikia hatua ya kupita kisimani bila kusalimiana.

Ajabu ni kwamba mahali pa kupishana palikuwapo. Karibu na lango uwanja unapanuka, na chini ya mwembe kuna sehemu ambayo gari moja linaweza kusimama pembeni na lingine likapita. Sehemu hiyo ilikuwa imejaa rundo la matofali ya kuchoma ambayo mwenye nyumba aliyaweka kwa ajili ya aneksi nyingine aliyokusudia kujenga, na yalikuwa yamekaa hapo hadi majani yameota kati ya tofali na tofali. Tulipomwomba ayahamishe alijibu kwamba matofali ni yake na lupango ni wake. Tulikwenda kuazima mita ya fundi, tukapima mbele yake, tukamwonyesha kwamba rundo lile peke yake linakula nafasi ya gari moja ambayo yeye anaitoza kodi. Hapo alinyamaza, na Jumamosi iliyofuata vijana walikuja kuyapeleka nyuma ya kisima. Tukachora mistari kwa chokaa: nafasi ya chini ya mwembe ni ya yule anayetoka mapema kuliko wote, na wale wawili wengine wanaingia kwa kufuata saa ya kutoka kesho yake, yaani anayetangulia kutoka ndiye anayeingia mwisho, karibu na lango. Mama wa Kasumbalesa huwaarifu wenzake jioni kabla ya safari. Honi zimekwisha. Ni kweli kwamba mwezi wa kumi na moja maembe huanguka juu ya paa la taksi, lakini mwenyewe amesema anaridhika na maembe kuliko na madirisha ya watu.

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu mwenye nyumba yule yule angeweza kulitengeneza siku ya kwanza kabla hajatupokea, na asingetumia gharama yoyote isipokuwa kuhamisha vitu vyake. Katika malupango mengi ninayoyajua, kinachoziba njia si magari ya wapangaji. Ni mabati yaliyobaki ya ujenzi, ni tangi lililotoboka, ni gari bovu la shemeji wa mwenye nyumba lililowekwa juu ya matofali miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayethubutu kuligusa. Mwenye nyumba anayekodisha uwanja hawezi kuuchukua tena kuwa ghala lake.

Kuna jambo jingine lililo chini ya ardhi, ambalo linanitia hofu zaidi. Malupango yetu mengi hayana mfereji mkubwa wa maji machafu, kila moja lina fosi yake, yaani shimo la maji machafu, na kwa kuwa sehemu nyingine zote zimejengwa, fosi hiyo mara nyingi iko chini ya njia ya gari. Dali yake, yaani mfuniko wake wa zege, ilimwagwa zamani kwa ajili ya miguu ya watu na pengine gari dogo la mara moja moja. Sasa inapitiwa kila usiku na gari la mizigo ambalo likiwa tupu lina uzito wa karibu tani mbili, na wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo unaoizunguka hulainika. Kwanza unaona ufa mwembamba kama uzi, kisha maji ya mvua yanapotelea humo, kisha kona moja inashuka. Bomba la maji la REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali, nalo hupita humo humo, na mara nyingi halikufukiwa ndani vya kutosha. Siku dali inapovunjika, mwenye nyumba humgeukia yule ambaye gurudumu lake lilikuwa hapo, akamwambia kwamba garanti yake haitarudi.

Jambo hilo si la haki. Mpangaji hawezi kulipia udhaifu ambao hakuonyeshwa. Mwenye nyumba ndiye anayejua fosi yake iko wapi na ilijengwa lini, na wajibu wake ni kuionyesha, kuiwekea alama, na ama kuiimarisha kwa zege lenye vyuma ama kukataza magari kupita juu yake. Akikataza, aandike. Asipokataza na akapokea kodi ya gari, amekubali uzito wa gari hilo. Kwa sababu hiyo ninaomba kwamba siku ya kukagua nyumba, wakati pande zote mbili zinaandika hali ya milango, vioo na kufuli, ziandike pia hali ya njia, ya dali ya fosi na ya lango lenyewe, pamoja na reli na bawaba zake. Wengi wetu tunahesabu balbu za sebuleni na kusahau lango ambalo linasukumwa mara hamsini kwa siku na watu wote wa lupango.

Sasa niseme juu ya wale wasio na gari, ambao ndio wengi na ambao katika mazungumzo haya huwa hawaulizwi. Wanachanga sawasawa kumlipa mlinzi, wanachanga umeme wa taa ya langoni, na njia ni yao kwa kiwango kile kile. Mama anayeingia na beseni kichwani hapaswi kujipenyeza kati ya ukuta na kioo cha gari akiogopa kulikwaruza. Mgonjwa anayebebwa kutoka aneksi ya nyuma hapaswi kusubiri mtu atafute ufunguo. Nyumba ikishika moto usiku, gari la zimamoto, ambalo upana wake ni karibu mita 2.5, haliwezi kuingia pale ambapo magari yamesimama, na hata kabla halijafika majirani wanahitaji njia ya kutolea watoto na magodoro. Kwa hiyo mpangilio wowote wa maegesho uanzie hapa: kutoka langoni hadi mlango wa mwisho ibaki njia wazi ambayo mtu anaweza kupita wakati wowote, hata magari yote yakiwa ndani. Pale ambapo upana hautoshi kuacha njia hiyo, basi lupango huo hauna uwezo wa kupokea magari yote hayo, na mwenye nyumba aambiwe hivyo bila kuzungushwa.

Kwa upande mwingine, asiye na gari naye hawezi kuigeuza njia kuwa soko. Ninajua ugumu wa maisha, na najua kwamba friji ya vinywaji pale langoni au magunia mawili ya makala, yaani makaa, ndiyo yanayolipa karo ya watoto. Mbabula, yaani jiko la makaa, inastahili mahali pake, kamba ya nguo inastahili mahali pake, na mwenye nyumba ayaonyeshe mahali hayo kama anavyoonyesha ya gari. Lakini mbabula yenye moto katikati ya njia ambayo magari yanapita gizani ni hatari kwa mtoto na kwa gari. Vivyo hivyo mwenye gari asiegeshe kwa namna ambayo moshi wake unaingia jikoni mwa mtu, wala asiugeuze uwanja wa wote kuwa gereji ya kumwagia oili, kwa maana oili hiyo mvua inaipeleka kisimani, na kisima tunakinywea wote.

Kuhusu mlinzi, nina neno moja tu. Baadhi yetu tumezoea kumwachia sentineli, yaani mlinzi huyo, funguo za magari ili ayasogeze usiku, tukidhani tumepata ufumbuzi. Vijana hawa wengi hawakujifunza kuendesha, hawana karatasi za udereva, na siku gari linapogonga ukuta wanakatwa mshahara ambao tayari ni mdogo. Mlinzi afungue lango na alifunge. Magari yasogezwe na wenyewe.

Watu watasema kwamba sisi hatuwezi kupangana, kwamba kila mmoja ana kichwa chake. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni kilio. Mtu akifiwa ndani ya lupango, mzee mmoja hupita mlango kwa mlango, na kabla ya jioni magari yote yametoka, yameegeshwa kwa jirani au kwenye avenyu, bashi, yaani turubai, imefungwa juu ya njia, viti vimepangwa, na hakuna anayeuliza ni nafasi ya nani. Hali hiyo hudumu siku kadhaa, watu wanalala nje, kisha bashi inashushwa na kila gari linarudi mahali pake. Inawezekana kwa sababu kuna mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuarifu na kwa sababu wote wanajua mapema kinachotakiwa. Katika siku za kawaida hatuna mtu huyo, wala hatuna maneno yaliyokubaliwa, na mwenye nyumba mara nyingi anakaa mbali na huja tu mwisho wa mwezi.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ni msingi wa sheria zetu za madai, inamtaka mpangishaji amkabidhi mpangaji kile alichomkodisha, akitunze ili kiendelee kutumika, na amhakikishie kukitumia kwa amani. Na inasema pia kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale waliopatana. Kwa maneno hayo, nafasi ya gari ikishaandikwa, mwenye nyumba hawezi kuikodisha mara ya pili. Nayo sheria ya upangaji namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kukaa kuwa miezi mitatu, na ninaikumbusha kwa sababu nimeona wapangaji wakidaiwa mwezi mmoja juu ya hiyo kwa jina la "garanti ya parking". Mwenye nyumba anaweza kuweka bei ya nafasi ya gari ndani ya kodi, ikiandikwa. Garanti ya ziada iliyopewa jina jipya inabaki kuwa garanti ya ziada.

Liko pia suala la kiwanja kinachokatwa. Mwenye lupango huuza nusu ya mbele, au anafariki na warithi wanagawana, mmoja mbele na mwingine nyuma, na baada ya muda mfupi wa mbele anajenga ukuta na kusema lango ni lake. Wapangaji wa nyuma wanajikuta wakipitia kwa jirani. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inaijua haki ya njia kwa kiwanja kilichozungukwa na viwanja vya wengine, na kwa hiyo warithi wanaogawana wasiondoke mezani kabla njia hiyo haijachorwa kwenye ramani ya mgawanyo, pamoja na upana wake. Anayepanga nyumba ya nyuma katika lupango uliogawanywa na aulize swali hilo kwanza, hata kabla ya kuuliza habari za maji na umeme.

Ninawaomba basi mabugumestri, yaani wakuu wa tarafa, na ofisi za makazi za tarafa zetu saba, ambazo wapangaji na wenye nyumba hupeleka kwao mikataba kupigwa muhuri, waongeze mistari michache katika mikataba hiyo: upana wa lango na wa njia; idadi ya magari ambayo lupango unaweza kupokea huku njia ikibaki wazi; nafasi iliyopewa nyumba hii, ikiwa imechorwa kwa mkono kwenye mchoro mdogo; mahali ilipo fosi; saa ya kufunga lango na nani ana ufunguo; na nani anayetengeneza lango linapoharibika. Mtumishi anayepiga muhuri akikuta idadi ya magari yaliyoahidiwa katika lupango mmoja imepita ile iliyoandikwa kwenye mkataba wa mpangaji wa kwanza, aurudishe mkataba huo kwa mwenye nyumba. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya, na ingepunguza mashauri yanayofikishwa kwa wakuu wa mitaa kila wiki na watu ambao kosa lao ni kuamini neno la komisionere.

Wakati tunasubiri, mtu anayetembelea nyumba mwezi huu achukue mita ya fundi mfukoni, apime njia mbele ya mwenye nyumba, awaulize wapangaji waliopo magari yao yanalala wapi, na vipimo hivyo aviandike kwenye mkataba kwa kalamu kabla ya kutia sahihi.

Ninakushukuru, Mheshimiwa Mhariri, kwa nafasi hii.

Mpangaji,
tarafa ya Kampemba, Lubumbashi